Kufuma kamba za viatu kwa kadi kwenye kitanda kidogo cha kufumia

Anayetaka kujifunza kufuma kwa kadi aanze na kamba za viatu. Kamba ni nyembamba, kwa hiyo kadi 6 zinatosha. Ni fupi, kwa hiyo unaiona imekwisha kabla hamu haijakuishia. Na ikitoka na kasoro mbili tatu, nani atainama kuzikagua? Mikanda ya kiunoni na ya gitaa ni mizuri, lakini inadai kadi 20 na zaidi na uvumilivu ambao mgeni wa kazi hii bado hana.

Kadi yenyewe ni ya mraba, na ina tundu kila pembe. Kila tundu linapitisha uzi mmoja, kwa hiyo kadi moja inabeba nyuzi nne: mbili juu, mbili chini, na kati yao mwanya. Ukiizungusha kadi robo mzunguko, uzi mmoja wa juu unashuka na mmoja wa chini unapanda, mwanya mpya unafunguka, unapitisha mshindio, yaani uzi unaokatiza kutoka ukingo hadi ukingo, unakaza, unazungusha tena. Baada ya mizunguko kadhaa zile nyuzi nne zinakuwa zimesokotana kama ugwe. Kadi 6 zinakupa gwe 6 zilizolala ubavu kwa ubavu, na mshindio ndio unaozishikanisha zisiachane. Kitu cha kushika tangu mwanzo ni huo msokoto. Kamba ikijiviringisha, mwanya ukikataa kufunguka, ua, yaani mchoro wa rangi, likigeuka njia, chanzo chake ni msokoto, na ukishaujua unavyokwenda utajua pia pa kurekebisha.

Ufundi huu ni wa zamani sana. Katika kaburi la merikebu la Oseberg huko Norwei, la mwaka 834 na lililochimbuliwa mwaka 1904 na 1905, zilikutwa kadi 52 za mbao zikiwa bado zimepitishwa nyuzi, mkanda umeanzwa haujamalizwa. Pakiti ya karata nayo ina 52. Ni sadfa tu, lakini ni sadfa ya manufaa, maana karata zilizochakaa ndizo malighafi nzuri ya kadi za kufumia.

Vifaa

Kata karata ziwe miraba ya sentimita 5.5 hivi kila upande. Weka moja juu ya nyingine uhakikishe zote zinalingana, kwa sababu kadi iliyozidi wenzake itakwama kila unapozungusha. Zungushia mkasi kwenye pembe ziwe butu. Pembe kali hukwaruza nyuzi za jirani. Toboa tundu moja kila pembe kwa kitoboleo cha karatasi za ofisini, kiasi cha sentimita 1 kutoka kila ukingo, kisha andika A, B, C na D kwa kufuatana kuzunguka kadi, mpangilio uleule kwa kadi zote. Boksi la maziwa pia linafaa. Karatasi ngumu ya kawaida huanza vizuri, ila matundu yake hupasuka kabla kamba ya pili haijaisha.

Kitanda ninachokizungumzia ni kile kidogo cha vigingi, kinachokaa juu ya meza: ubao wa chini, nguzo moja au mbili, na vigingi vya mviringo vilivyotokeza upande mmoja. Mtande, yaani zile nyuzi za urefu zinazopita kwenye kadi, unazungushwa kwenye vigingi hivyo na kurudi ulikoanzia, ukawa duara. Kigingi kimoja kinasogea mbele na nyuma ili kukaza au kulegeza. Wafumaji wa kawaida wa kitanda hiki hufunga vitanzi vya uzi vya kunyanyulia mtande. Wewe huvihitaji, kwa kuwa kadi ndizo zinazofanya kazi hiyo. Chagua njia ya vigingi inayokupa mzunguko wa mita 2 hivi, na iache sehemu iliyonyooka ya kutosha kadi kuzunguka bila kugonga mbao.

Uzi ndio wa kuutafakari kidogo. Kamba ya kiatu inaburuzwa kwenye matundu kila siku, na tundu la chuma halina huruma. Sufu hutoa manyoya na kukatika. Akriliki, uzi wa plastiki, hufanya vidonge. Nyuzi laini mno za kung'aa hupendeza, ila fundo lake hulegea ukiwa njiani. Pamba ngumu iliyosokotwa vizuri, ile ya kufumia vitambaa kwa kroshia, ndiyo jibu, na kitani nacho ni imara. Vuta uzi kwa mikono miwili: ukikatika kirahisi, hautafaa. Chagua rangi mbili zinazotofautiana waziwazi, moja nzito na moja nyepesi. Rangi mbili za kukaribiana zinaficha ua lote uliloteseka nalo.

Vingine ni vidogo: rula ya mbao au ya plastiki ngumu ya kukazia, kipande cha kadi cha kuviringishia mshindio, mkasi, kalamu ya wino mzito, raba bendi, sindano butu.

Urefu wa mtande

Kipimo cha kuaminika kuliko vyote ni kamba ya zamani iliyomo ndani ya kiatu. Itoe, inyooshe, ipime. Kama haipo, kiatu chenye jozi 5 za matundu huchukua kamba ya sentimita 90 hivi, jozi 6 huchukua 115, jozi 7 huchukua 135 mpaka 140, na jozi 8 huchukua karibu 160.

Msokoto unakula urefu, kwa hiyo ongeza asilimia 15. Kisha ongeza sentimita 40 za mwisho, ambazo hutaweza kuzifuma kwa sababu kadi zinahitaji nafasi ya kuzunguka. Kwa kamba ya sentimita 115 hesabu inakuwa 115 na 17 na 40, yaani 172. Kitanda cha mita 2 kinaimudu kamba moja bila shida, lakini kamba mbili kwa mpigo hazitoshi. Tandika mtande mara mbili.

Kadi 6 zenye nyuzi nne nne ni nyuzi 24. Kwa mzunguko wa mita 2 unahitaji mita 48 za mtande kwa kila kamba, nusu rangi moja na nusu nyingine, pamoja na mita 8 hivi za mshindio.

Kutandika

Watu wengi hukata nyuzi 24, wakazipitisha moja moja tunduni, kisha wakahangaika na vurugu. Kuna njia ya mkato. Andaa madonge manne ya uzi, mawili ya rangi nzito na mawili ya nyepesi, kila moja la mita 13 au zaidi. Weka kila donge ndani ya bakuli lake sakafuni ili yasisokotane. Panga kadi 6 kama furushi moja, A juu ya A, B juu ya B. Sasa pitisha uzi mzito kwenye matundu ya A ya kadi zote kwa pamoja, mzito wa pili kwenye B, mwepesi kwenye C, mwepesi wa pili kwenye D. Zote ziingie kutoka upande mmoja wa furushi.

Shika ncha nne kwa pamoja, zifunge kwa muda kwenye kigingi kilicho karibu nawe. Zungusha nyuzi zote nne kwenye njia ya vigingi huku furushi la kadi likibaki mkononi, upande wa madonge. Ukipita mahali ambapo kadi zitakaa, yaani sehemu iliyonyooka mbele yako, achia kadi moja ya mwanzo wa furushi ibaki hapo, endelea na zilizobaki. Kila mzunguko unaacha kadi moja. Ukimaliza ya sita, rudi kwenye kigingi cha mwanzo, kata, fungua ncha zile za kwanza, uzifunge na hizi za mwisho kwa fundo la mara mbili. Fundo likae karibu nawe, upande ambao ufumaji utaanzia. Likikaa ng'ambo ya kadi, litakufikia katikati ya kazi na kadi hazitapita.

Mkono uwe na mvuto uleule toka mwanzo mpaka mwisho. Mzunguko mmoja ukilegea, kadi yake italegea kamba nzima. Kabla ya kukata, pitisha kiganja juu ya mtande: unapaswa kuhisi nyuzi zote zinakusukuma sawasawa.

Kupanga kadi

Hapa ndipo ua linapozaliwa, na ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo nenda taratibu.

Kwa sasa kadi zote zimepitishwa nyuzi kutoka upande mmoja. Ukifuma hivyo, gwe zote 6 zitasokotwa kuelekea upande mmoja, na kamba ikitoka kitandani itajiviringisha yenyewe. Dawa ni kufanya nusu ya kadi zisokote kinyume. Kadi namba 1, 2 na 3 ziache. Namba 4, 5 na 6, igeuze kila moja kama unavyofunua ukurasa wa kitabu, uso wa kushoto uje kulia. Hakuna uzi unaotoka tunduni. Kadi inageuka tu mahali pake. Ukiangalia kwa juu utaona nyuzi za upande mmoja zinaingia kwa mshazari wa kulia na za upande wa pili kwa mshazari wa kushoto.

Sasa rangi. Kuanzia hapa sahau herufi, tazama rangi tu, kwa sababu kadi zilizogeuzwa herufi zake zimebadili mahali. Zungusha kila kadi peke yake mpaka ikae hivi:

Kadi za katikati, 3 na 4: nyuzi nzito zote mbili ziwe juu.
Kadi 2 na 5: nyuzi nzito ziwe upande wako, moja juu na moja chini.
Kadi 1 na 6: nyuzi nzito zote mbili ziwe chini.

Upande wa kushoto na wa kulia sasa unalingana kama uso na kioo. Kila kadi imechelewa robo mzunguko nyuma ya ile iliyo ndani yake, na huko kuchelewa ndiko kutakakochora alama za mishale katikati ya kamba.

Kabla hujagusa chochote kingine, bana kadi zote pamoja, uchore mstari mmoja wa kalamu juu ya kingo zake. Huo ndio mwanzo wako. Kila baada ya mizunguko minne ya robo mstari huo lazima uonekane tena, umenyooka, hakuna kadi iliyoachwa. Siku paka atakapopita juu ya meza utaushukuru. Na kila unapoondoka, hata kwa dakika moja, zivishe kadi raba bendi.

Kufuma

Kaza mtande mpaka ukiugonga kwa kidole urudi haraka. Ingiza kijiti au ukanda wa karatasi ngumu kwenye mwanya wa kwanza, zungusha, ingiza wa pili. Kazi yake ni kuzilaza nyuzi zipate upana wake kabla ya mshindio kuingia.

Mshindio uwe na rangi ya nyuzi za pembeni. Ndani ya kamba hautaonekana kabisa. Utachungulia kingoni tu. Hapa kadi za pembeni zina rangi zote mbili, kwa hiyo chagua ile nzito, haionyeshi uchafu.

Pitisha mshindio, acha mkia wa sentimita 10. Shika furushi zima la kadi kwa mikono miwili, lizungushe robo kwenda mbele, yaani ukingo wa juu uende mbali nawe. Ingiza vidole kwenye mwanya, uuvute kuja kwako kidogo ili nyuzi zilizonatana ziachane. Ingiza rula, kaza mshindio uliotangulia. Rudisha ule mkia ndani ya mwanya huu, halafu pitisha mshindio wenyewe. Endelea hivyo: zungusha, fungua, kaza, pitisha.

Ukingo ndio unaomtofautisha fundi na mwanafunzi. Ukivuta mshindio mpaka mwisho mara tu unapoupitisha, utabana kamba leo na kuilegeza kesho. Fanya hivi: pitisha, acha kitanzi kidogo kinachotokeza pembeni, kiasi cha kuingia ncha ya kidole. Zungusha kadi. Kaza kwa rula. Sasa ndipo uuvute mshindio taratibu mpaka kile kitanzi kizame na kugusa uzi wa pembeni, kisha simama. Jicho liangalie ukingo na mkono uvute. Usiutegemee mkono peke yake. Mwanzoni ni kazi ya kuchosha, lakini baada ya kiganja kimoja cha kamba vidole vinajua vyenyewe pa kuachia.

Upana upime mapema. Ukishafuma sentimita 5, kunja mwanzo wa kamba na ujaribu kuuona ukipita kwenye tundu la kiatu. Milimita 7 au 8 ni saizi nzuri kwa viatu vingi. Kama imekuwa pana, vuta mshindio zaidi kidogo. Kama bado ni nene kupita kiasi, uzi wenyewe ni mnene. Ni heri kufumua sasa na kutandika upya kwa uzi mwembamba.

Huku mbele alama za mishale zinajitokeza, huko nyuma ya kadi nyuzi nazo zinasokotana. Huo ni msokoto uleule, kwa upande wa pili. Utaujua kwa kuwa mwanya unaanza kuwa mdogo na kadi zinakuwa nzito kuzungusha. Usilazimishe. Fika kwenye mstari wako wa kalamu, halafu anza kuzungusha kurudi nyuma, ukingo wa juu uje kwako, idadi ileile ya mizunguko uliyokwenda mbele. Msokoto wa nyuma unafumuka wenyewe, na kwenye kamba mishale inageukia upande wa pili. Mahali pa kugeukia pataonekana, kwa hiyo pafanye sehemu ya ua: geuza kwa mpangilio, kwa mfano kila baada ya mizunguko 20. Ukigeuza kila baada ya 4 hupati mishale tena, unapata almasi ndogondogo, na nyuma ya kadi hakusokotani kitu. Mimi kwa kamba za viatu napendelea almasi. Mishale mirefu inapotea ikishapita matunduni.

Ufumaji ukikaribia kadi mpaka nafasi ikawa finyu, legeza kigingi cha kukazia, vuta mtande wote kuja kwako na kuuteremsha chini ya kitanda, kaza tena. Kadi zisukume zirudi mbele.

Mambo yakienda kombo

Ua likiharibika ghafla upande mmoja, kuna kadi iliyoruka robo. Tafuta alama ya kalamu isiyolingana na wenzake. Usiirekebishe palepale na kuendelea, kwa kuwa kosa litabaki kwenye kamba. Rudi nyuma kwanza. Kurudi ni rahisi: chomoa mshindio wa mwisho, zungusha kadi kinyume cha ulivyokuwa ukienda, chomoa unaofuata, mpaka ufike palipo salama.

Uzi wa mtande ukikatika, funga kipande kipya nyuma ya kadi, kipitishe tunduni, kiviringishe kwenye pini uliyoichomeka kwenye kamba iliyokwisha fumwa, kisha endelea. Mkia utaupitisha kwa sindano baadaye. Mshindio ukiisha, laza mpya na wa zamani pamoja kwenye mwanya mmoja, ukaze, ukate mikia baadaye.

Kumaliza

Pima urefu mtande ukiwa umelegezwa. Kamba iliyokazwa ni ndefu kuliko itakavyokuwa kiatuni, na tofauti hiyo imewaachia wengi kamba isiyofika fundo. Zikibaki nafasi nne za mshindio, laza kwenye mwanya uzi mwingine uliokunjwa kitanzi, ufume juu yake, kisha ingiza ncha ya mshindio kwenye kitanzi na uuvute urudi ndani ya kamba. Kata mtande, acha sentimita 3 kila upande.

Hesabu almasi za kamba ya kwanza na uandike idadi kabla ya kutandika ya pili. Kamba pacha inalinganishwa kwa idadi ya marudio pamoja na nguvu ya kukaza, kwa hiyo ni vizuri zifumwe zikifuatana, mkono ukiwa bado na kumbukumbu. Zikipishana sentimita 2, viatuni hakuna atakayejua.

Zioshe zote mbili kwa maji ya vuguvugu kabla ya kuweka ncha, zinyooshe, zikauke zikiwa zimelala. Kama rangi ni nyekundu au bluu nzito, jaribu kwanza kipande cha uzi ulioloweshwa kwa kukibana na kitambaa cheupe.

Ncha ndiyo inayoamua kama kamba itatumika. Paka gundi nyeupe kwenye sentimita 3 za mwisho za ufumaji, zikunje na kuzizungusha kwa vidole mpaka ziwe kijiti cha mviringo, ziache zikauke kabisa, halafu kata mbele kwa mkasi mkali. Kisha ivishe kipande cha sentimita 2.5 cha mpira wa kusinyaa kwa joto, ule wanaotumia mafundi umeme kufunikia viungo vya nyaya. Chagua unaoingia kwa kubana kidogo. Mwingi husinyaa hadi nusu ya kipenyo chake. Uusogeze juu ya joto la kiberiti cha gesi bila kuugusisha moto, ukizungusha muda wote, mpaka ushike. Mashine ya kukaushia nywele mara nyingi haina joto la kutosha. Ukiukosa mpira huo, zungushia uzi mwembamba uliochovywa kwenye gundi, mzunguko kando ya mzunguko bila kupanda juu ya mwingine. Unachukua muda zaidi, lakini ncha ya namna hiyo haichomoki.